Kabla Hujashuka na Gari Hilo

Atu mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na mimi nimekaa jikoni na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa zilizobaki nyuma. Mambo ya kula, kufua na kusali sikuandikii. Hayo unayajua, na usiyoyajua shangazi yako atakuonyesha huko Tukuyu huku amekasirika, ndiyo tabia yake. Nakuandikia juu ya gari. Na juu yangu mimi, kwa sababu huwezi kulielewa gari hilo bila kujua nililifanya nini.

Leo mchana ulipomaliza kuliosha uliliwasha, ukaliacha lingurume pale uani huku unafuta vioo. Mimi nilikuwa nageuza kakao kwenye mkeka. Nikalisikia. Linashika, linaachia, linashika, linatetemeka kama mtu mwenye homa, kioo cha pembeni kinacheza, halafu linatulia kidogo, halafu linaanza tena. Nikakuuliza, "Atu, lina nini?" Ukasema, "Uzee tu, mama. Na wewe ukifika umri wake utatetemeka." Ukacheka, na mimi nikacheka. Kisha ukachukua bisibisi, ukainamia kabureta, ukaizungusha kidogo tu ile skrubu ya sailensa, inayopandisha mngurumo gari likiwa limesimama. Mngurumo ukapanda, mtetemo ukapotea. Ukaniambia, "Umeona? Limetulia."

Mwanangu, maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nimeinama palepale, mkono kwenye skrubu ileile. Wewe ulikuwa na miaka minane. Ndiyo maana niliingia ndani ghafla, ukadhani nimekumbuka maharage jikoni. Hakukuwa na maharage.

Kesho unapanda nalo Tukuyu kuanza kazi kwa shangazi yako. Kupanda sikuogopi. Mlima wa kupanda gari linaning'inia kwenye injini yake, likichoka linasimama, unashuka, unaweka jiwe nyuma ya tairi. Keshokutwa ndiyo naiogopa, utakaposhuka na ndizi na viazi vya shangazi yako kuvileta sokoni Kyela. Nataka nikuambie yote kabla ya siku hiyo, na kwa mdomo siwezi. Nimejaribu leo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuuliza kama umepakia sweta. Mara ya pili nilikuuliza tena kama umepakia sweta, ukaniambia, "Mama, hilo sweta linakudai nini?"

Baba yako alipovuka mpaka pale Kasumulu kwenda kutafuta kazi, wewe ukiwa na miaka sita, aliniachia vitu viwili: wewe na hiyo pikapu. Barua zikaja, zikapungua, zikaisha. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, kidato cha pili sikukimaliza kwa sababu yako, na sijutii. Nikajifunza kuendesha ndani ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa, nikizima na kuwasha, watoto wa hapa Bujonde wakinishangilia. Kisha nikaanza kuleta ndizi kutoka juu. Nilijiona mtu. Unajua mwanamke wa hapa kushika usukani kulikuwaje wakati ule? Wanaume waliokaa barazani waliniita Mheshimiwa Dereva. Nikawapigia honi.

Lakini gari hilo baba yako alilinunua kwa ng'ombe wa babu yako, na kila mtu alijua. Nikalala na kuamka na wazo moja, kwamba ipo siku wazee watakuja kulichukua. Hawakuwahi kusema hivyo. Mimi niliyasema yote peke yangu, kichwani, kwa sauti zao.

Halafu likaanza kutetemeka.

Nililipeleka kwa fundi pale Mbugani, kijana mmoja mpole akiitwa Ambilikile, mwenye kibanda cha mabati karibu na mtaro. Alibadilisha plagi. Siku mbili limetulia, siku ya tatu linatetemeka. Akasafisha kabureta. Akabadilisha nyaya za plagi. Kila mara naondoka nafurahi, kila mara narudi nimenuna. Safari ya mwisho aliniambia, "Mama Atu, kuna mahali linavuta hewa, sijapaona. Niachie mpaka kesho." Mimi nikasema, "Ndizi zangu zitaiva juu ya mti zikikusubiri wewe." Akasema, "Basi usiende mbali." Nikaenda nyumbani, nikafungua boneti mwenyewe, nikaitafuta ile skrubu niliyomwona akiigusa, nikaizungusha. Likatulia. Nikajiona nimemshinda fundi.

Sasa nikwambie la babu yako. Wewe umekua ukiona kwamba mimi na yeye hatuonani, kwamba akipita njiani mimi naingia kwenye migomba na kujifunika kitenge, na ulikuwa unaona ni mchezo. Ukiwa mdogo ulinichongea: "Babu, mama yuko pale nyuma ya mgomba wa tatu!" Siku hiyo nilitamani ardhi inimeze. Huo ni mwiko wetu wa mke na baba mkwe, ukutila. Wengi wameuacha. Babu yako hakuuacha, na mimi niliolewa kwake, nikaufuata. Tangu siku niliyoingia mji huu sikuwahi kumtazama usoni wala kumwambia neno. Akitaka kuniambia jambo humtuma bibi yako.

Na babu yako, unajua, alitengeneza malori ya chai Tukuyu mpaka nywele zikaota mvi. Alikuwa analala kule ng'ambo ya mfereji, lakini kila asubuhi nikiwasha gari alikuwa analisikia. Asubuhi moja bibi yako akaja na mkungu wa ndizi, akaketi hapo ulipo ule mtungi, akasema, "Mama Atu, mzee anasema gari lako linapumua vibaya. Anasema si plagi. Anasema lisishuke mlima mpaka aliangalie. Wewe ukae ndani, yeye aje uani, amalize, aondoke."

Nikashukuru, "Ndaga, mama. Mwambie mzee gari lina fundi."

"Anajua lina fundi."

"Basi anataka nini na gari langu?"

Bibi yako akanitazama. "Hajasema analitaka."

"Na mimi sijasema kasema."

Akaondoka na kanga yake begani, ndizi akaziacha. Mimi nikabaki najipongeza, kwamba nimewajibu. Laiti ningeweza kumuuliza yule mzee swali moja tu: umejuaje? Angenijibu kwa maneno matano na mambo yangekwisha. Lakini mjumbe hubeba neno alilopewa, habebi maswali yako ukamwona yule mwingine anavyojibu. Na mwiko wenyewe ulikuwa umeniachia mlango: nikae ndani, yeye aje uani. Desturi haikunizuia, Atu. Nimeisingizia miaka mingi. Ilikuwa ni mimi.

Wiki ileile nikapanda Tukuyu. Bibi yako alikuwa huko kumuuguza dada yake. Mvua ya kule juu ilikuwa inanyesha ile ya siku nzima, nikamkuta amesimama kando ya barabara na mwavuli uliovunjika. Nikasimamisha. Akasita. Alikuwa anajua alichosema mume wake. Mimi nikamwambia, "Panda, mama, utalowa." Akapanda, kwa sababu nilikuwa mkwe wake na hakutaka nione ananiogopa. Hilo alikuja kuniambia baadaye sana.

Kwenye mteremko nikafanya wanavyofanya madereva wote wa ndizi, nikatoa gia, nikaliacha liende frii ili nisichome mafuta. Unajua raha yake. Gari linaserereka lenyewe, joto la Kyela linaanza kukupanda miguuni, ziwa linaonekana kwa mbali kama bati jipya. Bibi yako alikuwa ananisimulia ugonjwa wa dada yake. Kabla ya kona nikakanyaga breki. Injini ikatetemeka mara moja, ikazima.

Bibi yako akanyamaza katikati ya neno. Kisha akaniuliza taratibu, kama anayeuliza saa, "Mama Atu, mbona limenyamaza?"

Nikakanyaga tena. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, nimenyanyuka kwenye kiti, na gari linaongeza mwendo. Hakuna sauti isipokuwa matairi na ndizi zinazogongana nyuma. Nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza kwenye ukuta wa udongo upande wa kushoto. Upande wa kushoto, Atu. Alikokaa yeye. Upande wa kulia palikuwa na korongo, na watu wamenisifu kwamba nilichagua vizuri. Sikuchagua. Mikono ilikwenda yenyewe.

Mguu wa bibi yako unaujua. Ulikuwa unauliza kwa nini anatembea hivyo, tukakuambia, "Ajali, breki zilikatika." Breki hazikukatika. Hakuna kilichokatika. Gari lilinionya kwa mwezi mzima, likamwonya babu yako ng'ambo ya mfereji, na mimi nikaizungusha skrubu ili nisilisikie.

Na kuna baya zaidi, hili hata bibi yako hakulijua mpaka leo. Watu walipokuja hospitali kuniuliza, nilisema fundi aliniharibia breki. Nilisema mara moja tu. Kwa Kyela inatosha. Ambilikile hakuwahi kuzigusa breki zangu. Kabla ya mavuno kibanda chake kilikuwa kimefungwa. Miaka miwili baadaye nilikutana naye Kasumulu, anapakia mizigo ya watu wanaovuka. Akaniona yeye kwanza. "Mama Atu! Ndaga. Bibi anaendeleaje na mguu?" Nikasema anaendelea vizuri. Akasema, "Mungu mkubwa." Akainua gunia lake, akaenda. Nilikuwa na nafasi ya kusema, watu walikuwa wachache, na mdomo wangu ukabaki na yale ya salamu tu. Ukimwona popote, ana kovu kwenye nyusi ya kushoto, mwambie mimi mwenyewe namtafuta. Usiseme zaidi. Mengine ni yangu.

Nilipokuwa hospitali na bibi yako, babu yako alikuja uani walipolikokotea gari. Akalitengeneza peke yake siku nyingi. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unamshikia taa. Nilirudi nikakuta mlangoni pangu kipande cha mpira mweusi, mnene kama kidole gumba, kimewekwa juu ya jani la mgomba. Kilikuwa na ufa mfupi kama ukucha. Hakuna neno lililokuja nacho, na wala hakuna lililokuja baadaye. Nilikitupa chooni usiku huohuo. Tangu siku hiyo sijashika usukani. Yeye ndiye aliyekufundisha wewe kuendesha, na mimi nilikuwa nachungulia dirishani nikifurahi na kuogopa.

Basi leo, ulipokwisha kuizungusha skrubu na kwenda kuoga, nilitoka. Nimeingia ndani ya gari hilo kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja. Nikaliwasha. Nikairudisha ile skrubu ulipoikuta. Likaanza kutetemeka. Nikakanyaga breki, nikaishikilia. Mtetemo ukabadilika, mngurumo ukashuka kama unataka kuzima, na karibu na miguu yangu nikasikia hewa inanong'ona, fyuuu, nyembamba, inasimama nikiachia, inarudi nikikanyaga. Nikazima. Nikakaa hapo mpaka nilipokusikia unaimba bafuni.

Kisha nikaenda kwa babu yako.

Sikupita kwenye migomba. Nimepita njiani, nikabisha hodi. Bibi yako akafungua, akaniona, akadhani kuna msiba. Babu yako alikuwa mezani anakula. Nikasimama mlangoni nimeinamisha macho, nikamsalimia, "Mugonile, tata. Nimekuja kuhusu gari." Hakujibu. Nikasema tena. Hakujibu. Nikadhani amekataa, nikageuka niondoke, bibi yako akanishika kitenge. "Unakwenda wapi? Hasikii. Nilikuambia masikio yamepungua."

"Uliniambia yamepungua!"

"Sasa yamekwisha. Ulitaka nipige ngoma?"

Ndiyo maana safari hii hakuna mjumbe aliyekuja, Atu. Gari limetetemeka uani wiki nzima na babu yako hakulisikia.

Bibi yako akainama, akampigia kelele sikioni, "Mama Atu! Gari! Linatetemeka!" Nikaona mkono wake unasogeza sahani kando. Akaweka kiganja juu ya meza, wazi, akasema, "Anipigie hapa. Linavyofanya." Bibi yako akaniambia, "Piga meza." Nikakaribia. Nikaweka vidole kwenye ubao, mbali na mkono wake, nikapiga vile gari linavyotetemeka: linashika, linaachia, linashika, linatulia, tena. Mimi, mkwe, napiga meza ya baba mkwe kama mtoto wa shule. Yeye kafumba macho, kiganja kimelala, anasikiliza kwa mbao.

Akasema, "Plagi ikifa, gari linaruka kwa mpangilio, kama mtu mwenye mguu mbovu."

Bibi yako akamrukia, "Mguu mbovu wa nani?"

Hakumsikia. Akasema, "Hili halina mpangilio. Linavuta hewa. Akikanyaga breki?"

Nikapiga taratibu, nikaongeza, nikavuruga, nikaacha ghafla.

Akautoa mkono wake mezani kama aliyeungua. Akanitazama, na mimi nikamtazama. Ana macho kama yako. Akasema, "Mwambie kijana asishuke nalo." Kisha akasema na jina langu, lile la nyumbani kwetu, nililodhani halijui.

Hapo ndipo nilipowaambia habari ya fundi, wote wawili, bibi yako akimpigia kelele neno kwa neno, mpaka nadhani na majirani wamejua. Sawa, na wajue.

Anasema ni mpira uleule, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye lile duara jeusi linaloipa breki nguvu ya injini, ndiyo maana injini ikizima pedali inakuwa jiwe, au ni duara lenyewe limetoboka ndani. Anasema kuna njia ya kujua. Gari likiwa linanguruma, ubane mpira huo kwa koleo. Likitulia, basi tatizo liko huko mbele, upande wa breki. Na usilipandishe sailensa kulinyamazisha. Likitetemeka, liache litetemeke mpaka ujue linasema nini. Na frii kwenye mteremko usiiweke, hata lingekuwa jipya kutoka dukani.

Mimi naamini utafika, mwanangu. Naona kabisa unarudi Jumamosi na ndizi, unapiga honi pale kwenye daraja, unamwita shangazi yako majina. Umeendesha vizuri kuliko mimi na una akili iliyotulia. Lakini unacheka haraka jambo linapokuogopesha, na hilo umelitoa kwangu.

Babu yako atakuja asubuhi kabla jua halijapanda, na koleo lake. Mimi sitakaa ndani. Nitasimama uani nimpigie ubavu wa gari asikie, wewe ukanyage. Ikibidi kungoja mpira upatikane ng'ambo ya mpaka, utangoja, shangazi yako anune.

Ufunguo sijauficha. Uko msumarini. Una miaka kumi na tisa, na gari ni lako, nimekupa na siwezi kukunyang'anya kwa woga kama nilivyodhani wao watanifanyia. Ukiamua kuondoka kabla hajafika, nenda kaliwashe. Utanikuta nimeshakaa kiti cha kushoto.

Mama yako